Kabla fedha ya vitunguu haijanunua kompyuta ya kuchorea

Mzazi wa Ruaha Mbuyuni ambaye mwanawe amepata nafasi ya kusomea usanifu majengo au uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hulipa mengi kabla kijana hajaupanda mlima Kitonga. Baada ya ada na malazi huja ombi la kompyuta ya kuchorea, aghalabu likiwa na sharti: iwe na kadi kubwa ya grafiki. Fedha hiyo hutoka katika magunia ya vitunguu, na bei ya vitunguu, kama wasomaji wetu wa bondeni wanavyoijua, haina msimamo. Wengine hushawishika hata kukopa kwa riba. Twaona ni vema familia ifahamu kwanza kadi hiyo hufanya kazi gani.

Kadi ya grafiki ndiyo inayokokotoa picha tunazoziona kwenye kioo. Katika kompyuta nyingi uwezo huo umo ndani ya prosesa yenyewe, nao huazima kumbukumbu ya RAM. Kadi inayojitegemea ina kumbukumbu yake, na ndiyo inayopandisha bei.

Ramani ya nyumba inayochorwa kwa mistari katika AutoCAD haiitegemei sana kadi hiyo. Mzigo mkubwa hubebwa na prosesa, tena mara nyingi na kiini chake kimoja tu. Kwa kazi hiyo, prosesa yenye kasi, RAM ya GB 16 na diski ya SSD humfaa mwanafunzi kuliko kadi ya kifahari ndani ya mashine yenye RAM haba. Mambo hubadilika pale jengo zima linapozungushwa katika sura tatu, na zaidi linapotiwa mwanga, vivuli na miti kwa programu kama Lumion. Hapo kadi huwa ndiyo mtendakazi mkuu. Kwa AutoCAD ya 2025, kampuni ya Autodesk ilitaja GB 2 za kumbukumbu ya kadi kuwa kima cha chini, na GB 8 kuwa kiasi kinachopendekezwa.

Basi swali la kwanza liulizwe chuoni, si dukani: ni programu zipi, na zitaanza kutumika mwaka wa ngapi? Kompyuta ya mezani hukubali kuongezewa kadi baadaye, lakini ya mpakato kwa kawaida haikubali. Kadi utakayoinunua leo ndiyo utakayomaliza nayo masomo. Hata hivyo, kwa kijana anayesafiri kwa basi na kuishi na umeme wa kukatika, sisi twaelekea kwenye mpakato. Mpakato wa mtumba uliokuwa wa ofisi za wahandisi, wenye kadi ya NVIDIA Quadro ya GB 4, waweza kumtosha bila mbwembwe za mashine za michezo.

Dukani kuna hila moja. Muuzaji hutamka "grafiki GB 8" ilhali anahesabu RAM iliyoazimwa. Kabla ya kutoa fedha, mwombe aiwashe mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya utendaji. Ukiona GPU moja tu, nayo ni ya Intel, ujue kadi inayojitegemea haipo au haifanyi kazi. Kuficha aibu ya bidhaa hakumhalalishii muuzaji faida, nasi tusione haya kukagua.

Programu yenyewe haina haja ya kununuliwa wala kuibwa: Autodesk huwapa wanafunzi waliothibitishwa ruhusa ya mwaka mmoja bila malipo, na huweza kuhuishwa.

Limebaki joto. Kadi ikichemka hujipunguzia kasi, na bonde letu si Mbeya. Kijana akirudi likizo achoree asubuhi, mashine iwe juu ya meza ngumu. Godoro huziba matundu ya hewa.