Mlango, Baraza na Haki ya Mpita Njia

Siku moja baada ya sala ya Alasiri alinijia bwana mmoja, jirani wa chuo chetu, amemshika mkono mwanafunzi wangu wa miaka kumi. Bwana huyo alikuwa ameupaka ukuta wake chokaa siku mbili tu nyuma, na kijana ameuchora kwa mkaa jahazi lenye tanga kubwa. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa adabu: "Maalim, ukuta uko njiani, na njia ni ya watu wote."

Kijana alikosa, na siku ya pili alikwenda na ndoo na brashi akaupaka chokaa upya. Lakini jawabu lake halikunitoka moyoni, kwani mlikuwamo nusu ya haki. Nyumba ni mali ya mwenyewe. Lakini uso wake hautazamwi na mwenyewe, hutazamwa na wapitao. Jee, wapitao wana haki gani juu ya uso huo?

Wazee waliojenga Mji Mkongwe wa Unguja walilijibu suali hili kwa mawe na mbao. Kuta zao za matumbawe na chokaa waliziacha nyeupe bila ya mapambo mengi, na watu wa nyumbani wakasitirika ndani. Pambo wakaliweka mlangoni. Miimo, mfaa na kizingiti cha juu vilichongwa minyororo, maua na samaki, na mara nyingine aya za Qurani. Sasa fikiri: mwenye nyumba akishaingia ndani huupa mlango wake mgongo. Anayeufaidi ni muuza mkate, na mtoto aendaye chuoni, na mgeni asiyejuana na mtu.

Kisha kando ya mlango wakajenga baraza. Mtu alitoa mali yake akajenga kitako cha mawe nje ya nyumba yake ili wakae watu wengine! Na mvua za masika zinapojaza maji njiani, watu hupita juu ya baraza wasirowe miguu. Mtume wetu, s.a.w., aliwaonya Masahaba wasikae njiani. Waliposema kuwa hawana budi, akawataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Basi baraza ni skuli ya adabu hizo.

Wala sanaa ya siku hizi haikosi nafasi yake katika mpango huu. Nenda Sokomuhogo, kwenye njia panda iitwayo Jaws Corner kwa jina la ile filamu ya papa ya mwaka 1975. Papa amechorwa ukutani, kahawa inamiminwa, na baraza zimejaa watu wanaohojiana khabari za siasa na mpira. Picha ile haikupata thamani kwa rangi zake, bali kwa watu waliokaa karibu nayo.

Tena si kila kinachowekwa mbele ya watu ni cha fahari. Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, pana kanisa la Kiangilikana. Katika uwanja wake, mwishoni mwa miaka ya 1990, msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, alitengeneza masanamu ya watu watano waliofungwa mnyororo, wamesimama ndani ya shimo. Juu ya masanamu maulamaa wetu wamekwisha sema, wala sikuandika haya ili kuyageuza maneno yao. Lakini lile shimo lenyewe lina mafunzo: huwezi kulitazama ila uinamishe kichwa. Nami nilipoinama nilikumbuka kuwa baadhi ya milango tunayoisifu ilinunuliwa kwa fedha za karafuu zilizochumwa na watumwa. Mji ungeonyesha milango peke yake, ungetwambia nusu ya khabari.

Haki nyingine ya mpita njia ni usalama wake. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa fahari ya pwani yote. Tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa katika kutengenezwa, sehemu yake kubwa ilianguka, na watu wawili wakafa. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Lakini orodha haizibi ufa. Jengo zuri lisilotunzwa hugeuka udhia njiani.

Leo ukitoka Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo na mashamba, utaona nyumba nyingi mpya zilizozungushiwa ukuta mrefu, geti la chuma, na vipande vya chupa juu yake. Ndani mna vigae vinavyong'ara na mapambo ya thamani. Nje mpita njia hana hata pa kuegemea. Najua khofu ya wezi. Lakini wazee nao walikuwa na wezi, ndiyo maana mlango ukawa mnene na komeo lake zito; na juu ya hayo wakaupamba, wakaweka na baraza.

Basi wewe unayejenga, kabla ya kununua vigae vya sebuleni, jiulize: mzee aliyechoka akipita hapa atakaa wapi? Mtoto akipita ataona nini? Na nyinyi vijana, nendeni kwa mafundi wa nakshi mjifunze kazi yao, kwani mlango ukioza na fundi asiwepo, utabaki kununuliwa ule wa chuma.

Ama yule mwanafunzi wangu, mkono wake ni mwepesi na jahazi lake lilikuwa zuri. Nimemwambia: mwanangu, ukitaka kuuchora ukuta wa mtu, piga hodi kwanza.

Wabillahi tawfiq.