Tintin hazeeki, lakini tarehe zinazeeka

Tintin alitokea mara ya kwanza katika gazeti moja la Bruxelles, tarehe 10 Januari 1929. Alikuwa kijana. Katika 1976, kwa kitabu cha mwisho chenye Hergé alimaliza, Tintin alikuwa bado kijana. Alibadilisha tu suruali, akavaa jeans. Hiyo ndiyo taabu ya hadithi yenye kuendelea miaka mingi: mwenyewe hazeeki, lakini vitu vyenye kumzunguka vinazeeka.

Mwandishi afanye nini? Mara nyingine Hergé alifuta. L'Île Noire ilianza kutoka 1937. Wakati Waingereza walitaka kuitoa kwa luga yao, walimwonyesha makosa 131, na katika 1966 kitabu chote kilichorwa upya. Ndege za zamani zikatoka, za kisasa zikaingia. Mara nyingine aliacha. Le Lotus bleu ilichukua jambo la kweli la 1931: Wajapani walilipua reli yao wenyewe kule Mukden, Uchina, halafu wakasingizia Wachina. Jambo lile halikuondolewa, na mpaka leo kitabu kiko na nguvu juu ya hiyo.

Sasa tufike kwetu. Katika gazeti la 1930, Tintin anasimama mbele ya batoto Wakongomani na kuwafundisha kama inchi yao ni Ubelgiji. Katika kitabu cha rangi cha 1946, somo linakuwa hesabu: 2 na 2. Ubelgiji imetoka. Lakini batoto ni walewale, wamechorwa vilevile, na midomo mikubwa, hakuna mwenye kujua jibu. Neno lilifutwa, macho yenye kutuangalia hayakubadilika.

Na kitu kimoja hakikuguswa: almasi. Mwishoni tunajua kama watu wa Al Capone walitaka kushika almasi yote ya Kongo. Wanaotaka jiwe tunawaona. Mwenye kulichimba hatumuoni, si katika 1930, si katika 1946.

Ni sababu hiyo tunasema: tarehe isiogopwe. Hata sisi, tukisimulia jioni katika kampi, tunataja mposho ya Union Minière, Elisabethville ya mbele ya 1966, feza ya zaïre yenye ilikufa katika 1998. Batoto wanacheka: «Papa, hiyo ni ya zamani!» Ndiyo, ni ya zamani. Tukiyaondoa maneno hayo ili hadithi ionekane mpya, mtoto atajua namna gani nani alikuwa anakula jasho ya babu yake?

Mzazi mwenye kuwa na Tintin au Congo nyumbani, asikifiche. Akifungue pamoja na mtoto, amwonyeshe mwaka kwanza, halafu mapicha. Na mwishoni amuulize: hapa, mchimbaji eko wapi?