Jangwa la Kibo halina sub: Somo la Mtuy kwa vijana wa Kasulu na Kibondo

KUNA mechi haina benchi la akiba, wala hakuna wa kumpasia mpira ukichoka. Februari 2006 Mtanzania Simon Mtuy aliicheza peke yake. Alipanda Mlima Kilimanjaro hadi Uhuru, mita 5,895, akarudi chini siku hiyohiyo kwa muda wa saa 9 na ushei, mzigo wake akiubeba mwenyewe. Watalii wengi safari hiyo huwachukua siku tano na kuendelea.

Desemba 2004 alikuwa ametumia saa 8 na dakika 27, lakini akiwa na watu wa kumsaidia njiani. Baadaye walikuja Kilian Jornet wa Hispania (saa 7 na dakika 14, mwaka 2010) na Karl Egloff wa Ecuador (saa 6 na dakika 42, mwaka 2014).

Shughuli pevu ni kuanzia mita 4,000 hivi. Msitu umeisha, majani yameisha, limebaki jangwa la mawe na vumbi. Mchana jua linachoma, usiku maji yanaganda. Ukifika Uhuru, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani. Straika wa dakika 90 hapo angeomba sub dakika ya kumi.

Ndiyo maana hifadhi inamtaka kila mgeni apande na mwongozaji. Si mlima wa kujaribu kibishi.

Sasa njoo Kigoma. Vilima vya Kasulu na Kibondo havifiki hata nusu ya Kilimanjaro, na jangwa hakuna. Lakini Julai na Agosti mvua imekata, nyasi zimeungua, miombo imepukutisha majani na kivuli hakuna. Kijito ulichokinywea Aprili unakikuta mchanga mtupu. Kijana anayetafuta pumzi ya ligi akijitosa huko peke yake saa sita mchana na kichupa kimoja cha maji, anajitafutia balaa.

Wanaoijua kazi hii huanza alfajiri, jua likiwa bado dogo. Hubeba maji ya kutosha kwenda na kurudi, kofia na kitu cha kutafuna. Humwachia mtu nyumbani taarifa: napita njia hii, nisipoonekana saa kumi jioni nitafuteni. Simu haitoshi, mabondeni mtandao hukata. Tena hupanga mapema saa ya kugeuza. Ikifika, wanageuza, hata kama kilele kinaonekana.

Hapo ndipo vijana wengi huchemka: wanamaliza pumzi yote wakipanda, wakati wa kushuka miguu inatetemeka, ndipo kifundo kinapoteguka.

Saa ya Mtuy haikusimamishwa Uhuru. Ilisimamishwa aliporudi chini. Kileleni ni half-time tu, bana. Kipindi cha pili ni kufika nyumbani.