Gari la Marehemu Baba Uani: Je, Lina Haki ya Barabara?

Katika nyua nyingi za miji yetu, tangu Gongoni na Isevya mjini Tabora hadi Kigoma, halikosekani gari moja lililowekwa juu ya mawe. Huenda ni Land Rover ya marehemu baba, au Peugeot aliyoinunua mfanyakazi wa reli kwa akiba ya miaka mingi. Kuku hutagia chini yake na watoto huligeuza uwanja wa michezo. Kila mwaka hutokea mtu akataka kulinunua kwa bei ya chuma chakavu, na kila mwaka ndugu wa familia hugawanyika: huyu asema liuzwe, yule asema ni kumbukumbu ya mzee.

Makala haya yanakusudia kukusaidia kulitatua jambo hilo. Gari kuukuu likirudi barabarani bila hati wala breki ni hatari kwa mwenyewe na kwa wapita njia. Lakini likiachwa kuoza, pamoja nalo huoza mali ya urithi na sehemu ya historia ya nchi. Kati ya mabaya hayo mawili iko njia ya tatu, ambayo mataifa mengine wameifuata kwa miaka mingi, nayo ni kibali chenye mipaka kinachotolewa kwa dhamana ya chama cha wenye magari ya zamani.

Njia iliyozoea vibali

Wakazi wa Tabora hawapaswi kulishangaa neno kibali. Njia kuu ya misafara, yenye urefu wa kilometa zipatazo 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilipitia hapa Unyanyembe, na katika karne ya 19 hakuna aliyeipita kwa kujipendea. Ugogo msafara ulitozwa hongo kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Huku magharibi, Mtemi Mirambo wa Urambo aliweza kuifunga njia yote pale alipokosana na wafanyabiashara wa Tabora. Neno hongo, ambalo leo twalitumia kwa maana ya rushwa tu, siku zile lilikuwa na maana ya ushuru wa njia.

Zaidi ya ushuru, msafara ulihitaji mtu wa kuudhamini. Kirangozi alitangulia mbele, akijua visima, mipaka na desturi za kila mtemi. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, na sifa yake ilitegemea kikundi alichotembea nacho. Ni wajibu kukumbuka pia kwamba katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa na pembe za ndovu. Kwa hiyo twaitaja kama mahali pa kujifunza, wala si kama jambo la kuonea fahari tupu.

Magurudumu yalikuja baadaye. Tarehe 10 Agosti, 1907, afisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei, 1909. Reli ya Kati iliingia Tabora mwaka 1912 na kufika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mpango wa karanga wa serikali ya Kiingereza, ambao Urambo ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, pamoja na mitambo mingi iliyobaki vitani. Mwaka 1953 yakaanza mashindano ya magari ya Safari katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Hivyo gari la zamani lililomo uani mwako ni mrithi wa safari ndefu.

Utaratibu wa wenzetu

Tuangalie sasa jinsi utaratibu wa vibali unavyoendeshwa katika jimbo la Victoria, Australia. Gari lililotimiza miaka 25 tangu kutengenezwa laweza kuombewa kibali cha chama badala ya usajili wa kawaida. Mwenye gari sharti awe mwanachama aliyelipa ada katika chama kilichotambuliwa na serikali. Gari hukaguliwa usalama wake, na ofisa wa chama huthibitisha kwa saini kwamba linastahili.

Kibali huja na daftari la safari. Mwenye gari huchagua siku 45 au siku 90 za kuendesha kwa mwaka. Kila siku anayotaka kutoka, yampasa kujaza ukurasa wa daftari kabla ya kutia gari moto, na asipojaza huhesabiwa kuwa anaendesha gari lisilosajiliwa. Akiacha kulipa ada ya chama, kibali nacho hukosa nguvu. Ada ya kibali ni ndogo kuliko ya usajili kamili, kwa kuwa gari lenyewe haliichoshi barabara kila siku.

Mataifa mengine wana njia zao. Ujerumani, tangu mwaka 1997, gari lililofikisha miaka 30 na kutunzwa katika hali yake ya asili huweza kupewa herufi H mwishoni mwa namba yake. Uingereza, gari lililotimiza miaka 40, kama halikugeuzwa sana, husamehewa kodi ya mwaka na ukaguzi wa lazima, ingawa mwenyewe hubaki na wajibu wa kulitunza liwe salama. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, laeleza kwamba gari la kihistoria ni lenye umri usiopungua miaka 30, lililohifadhiwa katika hali yake sahihi, na lisilotumiwa kwa usafiri wa kila siku.

Kwetu jambo lenyewe si kodi

Pengine msomaji atauliza: je, tunakili tu mambo ya ng'ambo? Hapana. Lazima tuyapime kwa hali yetu.

Usajili wa magari Tanzania Bara umejengwa juu ya sheria mbili kubwa: Sheria ya Kodi ya Usajili na Uhamisho wa Magari ya mwaka 1972, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kazi ya usajili iko mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na ukaguzi wa barabarani hufanywa na Jeshi la Polisi. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 serikali iliifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ikaongeza ushuru katika mafuta. Maana yake ni kwamba anayeendesha kidogo hulipa kidogo. Nafuu ambayo mtu wa Victoria huitafuta kwa kibali cha chama, sehemu yake kubwa sisi tunaipata kwenye pampu ya petroli.

Basi faida ya chama kwetu ingekuwa nini? Ingekuwa dhamana. Gari lenye miaka 50 haliaminiki kwa kutazamwa rangi. Panatakiwa watu wanaojua aina hiyo ya gari, watakaosema kwa saini zao: breki zimekaguliwa, usukani hauna mchezo, namba ya injini na ya chesisi ni zile zilizomo katika kadi. Mtu mmoja anaweza kudanganya nafsi yake kwa mapenzi ya gari la baba. Chama chenye jina la kulinda hakidanganyiki upesi. Hapo ndipo kirangozi wa zamani na ofisa wa chama wa leo wanapokutana: kila mmoja hulitia jina lake rehani kwa ajili ya anayempitisha.

Wala wazo la kuweka mipaka ya siku si geni hapa. Wazee watakumbuka miaka ya mwisho wa 1970 na mwanzo wa 1980, bei ya mafuta ilipopanda, magari ya binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Wananchi walijifunza kupanga safari zao. Tofauti ni kwamba agizo lile lilitokana na dhiki, na hili lingetokana na hiari ya wanachama.

La kufanya sasa

Lakini familia haina haja ya kungoja utaratibu mpya. Yako mambo ambayo yaweza kufanywa kuanzia kesho asubuhi.

Kwanza, itafuteni kadi ya gari. Ikiwa mwenyewe amefariki, gari ni sehemu ya mirathi, na si halali kwa mtoto yeyote kuliuza au kuliendesha kama lake kwa kuwa tu funguo ziko mikononi mwake. Familia ikutane, imteue msimamizi, naye aende na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo kuthibitishwa. Kwa hati ya mahakama ndipo umiliki uhamishwe katika Mamlaka ya Mapato. Ndugu wengi wameacha kusalimiana kwa sababu ya gari ambalo hata haliwaki. Karatasi moja ya mahakama ingewaepusha.

Pili, tazameni namba. Mfumo wa herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Gari lililokwisha kuwekwa juu ya mawe kabla ya hapo huenda bado lina kibao cha zamani. Hifadhini kibao hicho kama kumbukumbu, lakini msithubutu kutoka nacho barabarani kabla ya kuuliza ofisi ya mapato hali ya usajili wake.

Tatu, muiteni fundi kabla ya kutia gari moto. Mipira ya breki hukauka, tairi hupasuka hata kama kashata zake zaonekana nzima, na tangi huota kutu ndani. Mkumbuke pia kwamba petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Injini nyingi za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda vikalio vya vali, kwa hiyo fundi avikague. Baada ya matengenezo, gari lipelekwe kwa mkaguzi wa polisi, na likatiwe bima ya watu wengine kabla halijagusa barabara.

Nne, msilikate. Kungoa injini na kuweka ya gari jingine huweza kuvuruga hati, na huondoa ile sifa ambayo ingelifanya liitwe gari la kihistoria.

Na wale wenye magari ya namna hii mjini Tabora, wakiwa hata watano, wana uwezo wa kuketi pamoja, wakaandika katiba fupi, wakaweka daftari la wanachama na la ukaguzi, kisha wakapeleka hoja yao kwa wahusika wa usalama barabarani na wa mapato. Serikali husikiliza kwa wepesi zaidi kikundi chenye daftari kuliko mtu mmoja mwenye malalamiko. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, limehifadhiwa gari la Rolls-Royce lililotumiwa na utawala wa Kiingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Lakini makumbusho haiwezi kubeba magari yote. Historia ya mwalimu wa shule, ya dereva wa lori la tumbaku na ya mfanyakazi wa reli haina mahali pengine pa kuhifadhiwa ila uani kwake.

Wahenga walisema, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Msikubali kuliuza gari la mzee kwa kilo, wala msikubali liwaue watu barabarani. Litafutieni hati, fundi na wadhamini. Hapo ndipo litakapokuwa na haki ya barabara.