Kabla Hujanunua Redio ya Kadi

Atembeaye Busia siku ya soko, awe upande wa Kenya au upande wa Uganda, husikia kabla ya kuona. Kila kibanda cha vyombo vya umeme kina sauti yake: huku rumba la Kongo, kule tenzi za kanisani, na katikati yao benga inayopigwa kwa sauti kubwa kiasi cha kutetemesha vioo vya meza. Vyombo vyenyewe ni vidogo, vingine havizidi kipande cha sabuni ya kufulia. Watu huviita redio za kadi, kwa kuwa muziki wake umo ndani ya kadi ndogo ya memori, nyembamba kama ukucha wa kidole gumba.

Wasomaji kadhaa wa ukurasa huu huvinunua kwa ajili ya wazee wao walioko mashambani, nami ni mmoja wao. Nilinunua vibaya mara ya kwanza, na hasara niliyoipata haikuwa ya fedha.

Bibi mzaa mama anakaa nje kidogo ya mji wa Tororo, mahali ambapo mwamba ule mkubwa huonekana kutoka mlangoni. Macho yake yamepungua nguvu, na kwa hiyo masikio ndiyo yaliyobaki kumletea dunia. Marehemu babu alikuwa mpigaji wa tongoli, chombo cha nyuzi cha Wapadhola, na mwaka 1994 mjomba wangu alimnasa katika kaseti akipiga, akiimba, na baina ya nyimbo akitaja majina ya wazee wa ukoo. Babu alifariki mwaka 2001. Kinasa sauti cha nyumbani nacho kiliharibika miaka michache baadaye, na kaseti ikawekwa ndani ya mkebe wa majani ya chai pamoja na vyeti vya ubatizo.

Mwaka 2019 niliichukua kaseti ile hadi kibanda kimoja mpakani. Kijana wa hapo alizihamisha nyimbo zote kumi na moja, akazitia katika kadi iliyoandikwa gigabaiti 32, akaniuzia na redio ya kuichezea. Kazi ilikuwa safi, nikasikiliza mwenyewe. Ndipo nikamwambia, "Kijana wangu, hapa pamebaki nafasi kubwa. Mjazie bibi tenzi na nyimbo za zamani." Akajaza mamia. Nilipofika Tororo na kubonyeza kitufe, sauti ya babu ilianza kutaja jina la kwanza la ukoo, ikakatika, zikafuata kelele kama za mvua juu ya mabati. Bibi akauliza, "Mbona amenyamaza?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu nilikuja kulipata baadaye. Kadi ile ilikuwa ya bandia. Ndani yake mlikuwa na nafasi ndogo tu, lakini ilikuwa imechezewa ili iitangazie kila mashine kwamba ni gigabaiti 32. Kadi ya namna hiyo ikishajaa kwa kweli, haikatai kuongezewa. Huendelea kupokea, ama ikivitupa vitu vipya au ikiviandika juu ya vile vya kwanza. Orodha ya majina hubaki kamili, hata mtu akadhani kila kitu kimo, ilhali nyimbo zenyewe zimekwisha kufutika. Tenzi nilizomwongezea bibi ndizo zilizoandikwa juu ya mumewe.

Basi tuanzie hapo, kwani mnunuzi wa kawaida huitazama redio kwa makini akaipokea kadi bila kuikagua. Maandishi yaliyo juu ya kadi si ushahidi. Jaribio la kweli ni kuijaza mpaka ukingoni, kisha kusikiliza wimbo wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Mwenye kompyuta anaweza kutumia programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza kadi na kuisoma tena kisha ikasema nafasi ya kweli ni kiasi gani. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, kwa hiyo si rahisi kufanyika mbele ya meza ya muuzaji. Patana naye kabla ya kulipa kwamba kadi ikionekana mbovu utairudisha, na umwombe akuandikie risiti. Akataaye kuandika amekwisha kukujibu.

Tena, nafasi kubwa haihitajiki. Muziki wa mtindo wa MP3, ukitiwa kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua takriban megabaiti moja kwa kila dakika. Wimbo wa dakika nne ni megabaiti nne. Kadi ya gigabaiti 8 iliyo halisi, kwa hesabu hiyo, hubeba nyimbo zipatazo elfu mbili, yaani zaidi ya saa 130 za kusikiliza. Mzee gani atazimaliza? Zaidi ya hayo, redio nyingi za bei nafuu hazisomi kadi inayozidi gigabaiti 32, kwa sababu kadi za juu ya hapo hupangwa kwa utaratibu mwingine ambao redio hizo hazikufundishwa.

Mtindo huo wa MP3 ulibuniwa na wataalamu wa Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer, na jina lake likachaguliwa mwaka 1995. Siri yake ni kuziacha zile sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu halizitambui kwa urahisi, hata wimbo ukapungua kufikia kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake wa awali. Vicheza muziki vya mkononi vya kwanza vya namna hii viliuzwa mwaka 1998, vikitoka Korea ya Kusini. iPod ya Marekani ilifuata mwaka 2001, ikatamba duniani kote, na mwaka 2022 kampuni ya Apple ikatangaza kuacha kuitengeneza kwa kuwa watu walikuwa wamehamia kwenye simu. Mezani pale Busia utakuta vichache vya namna hiyo, vyenye kioo kidogo na waya za masikioni. Vinamfaa mwanafunzi au dereva wa boda boda anayesubiri abiria (nalo jina la boda boda, wengi husema, lilizaliwa papa hapa mpakani, kwa wale waliovusha watu kwa baiskeli toka kituo kimoja hadi kingine). Kwa nyumba yenye watu wengi, chenye spika yake ndicho kifaacho.

Baada ya kadi, angalia betri. Zipo redio ambazo betri yake imezibwa ndani, na siku itakapochoka ndiyo siku ya kukitupa chombo kizima. Zipo nyingine zinazotumia betri bapa ya aina ya BL-5C, ile ile iliyotumika katika simu nyingi ndogo za Nokia, ambayo hupatikana karibu kila duka la simu. Mimi sasa sinunui isipokuwa hiyo ya pili. Fungua kifuniko mwenyewe mbele ya muuzaji. Na usiyaamini sana maandishi ya kopo kuhusu nguvu ya spika au ukubwa wa betri, kwani karatasi huvumilia kila wino. Zile zenye kibao cha jua mgongoni hupendeza, lakini vingi vya vibao hivyo ni vidogo mno. Hutosha kusogeza betri kidogo, wala havitoshi kuijaza kwa siku moja.

Kisha vitufe. Kwa mtu asiyeona vizuri, hili ndilo jambo kubwa kuliko ubora wa sauti. Chagua chombo chenye vitufe vinavyohisika kwa kidole, na kikiwa na vitufe vya tarakimu ni bora zaidi, kwani msikilizaji hubonyeza 3 akapata wimbo wa tatu. Jaribu pia kukizima katikati ya wimbo na kukiwasha tena. Kuna vinavyokumbuka vilipoachia, na kuna vinavyorudi mwanzo kila mara, jambo linalomchosha asikilizaye mahubiri au hadithi ndefu. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni mpango wa nyimbo. Redio nyingi za bei ya chini hazifuati alfabeti, bali hucheza nyimbo kwa kufuata jinsi zilivyoingizwa katika kadi. Ukitaka wimbo fulani uwe wa kwanza, uingize wa kwanza, peke yake, kisha wa pili, na kuendelea.

Jaribu na wimbi la FM, ukiwa nje ya kibanda, antena ikiwa imenyooshwa. Mpakani hapa redio nzuri hushika vituo vya nchi zote mbili, na kwa bibi redio isiyoshika Rock Mambo ya Tororo si redio.

Kwa wanaovuka na mzigo: tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipofunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili, msafiri hukaguliwa mahali pamoja, upande ule anaouingia. Lakini nafuu ya wafanyabiashara wadogo, inayohusu mizigo isiyozidi dola 2,000, ni ya bidhaa zilizotoka Afrika Mashariki zenyewe na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Redio iliyotengenezwa China haimo, hata kama umeinunua hatua mia kutoka nyumbani kwako. Anayenunua katoni ili akauze na aiandikishe.

Kuhusu wale vijana wanaokujazia nyimbo mia kwa shilingi chache, nitasema neno moja. Mwanamuziki hapati hata senti katika biashara ile. Nimejazisha na mimi, sijitoi. Lakini tangu nilipoona jinsi kazi ya mtu mmoja inavyoweza kufutwa kwa wepesi, nimekuwa nikinunua nyimbo kwa waimbaji wenyewe ninapoweza.

Sauti nayo iwe ya kiasi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma katika sauti ya desibeli 80, na watoto wakae chini ya hapo. Kama mwenye waya masikioni hasikii anapoitwa akiwa hatua mbili tu, amezidisha.

Turudi Tororo. Kaseti bado ilikuwa mkebeni, ingawa ukungu ulikuwa umeanza kuila. Nilitafuta kinasa sauti kizima kwa mwalimu mmoja mstaafu, tukaizungusha taratibu mara moja kwenda na mara moja kurudi kabla ya kuicheza, tukaunganisha waya kutoka tundu la masikioni hadi kwenye kompyuta yenye programu ya Audacity. Utepe ulikatika mara mbili. Tulipata nyimbo saba. Safari hii nilizihifadhi katika kompyuta, katika kadi mbili zilizojaribiwa, na nyingine kwa mjomba. Ile kadi ya bibi haina kitu kingine ndani yake. Tenzi zake ziko katika kadi ya pili, yenye uzi mwekundu uliogundishwa ili aitambue kwa kidole.

Wimbo wa tatu huanza na babu akikohoa, kisha akikaza nyuzi. Mjomba alitaka tukikate kile kikohozi, kwamba kinaharibu. Bibi alikataa katakata, na mara nyingi hubonyeza 3, akasikiliza mpaka nyuzi zinapokazwa, kisha akabonyeza 3 tena.