Goti lililovimba: mweleze daktari na habari za tumbo

Juu ya uwanda wa Ufipa, asubuhi za Juni na Julai, goti likiuma lawama huenda kwa baridi. Likivimba ghafla kwa kijana mwenye nguvu zake, wapo wanaotafuta aliyemroga, na hii ni katika mji wa Sumbawanga, ambao jina lake kwa Kifipa maana yake ni 'tupa uchawi'!

Kuna sababu isiyofikiriwa sana: tumbo la mwezi uliopita. Mtu huhara siku mbili tatu, anapona, anasahau. Wiki 1 hadi 4 baadaye goti, kifundo cha mguu au kisigino kinavimba, mara nyingi upande mmoja. Pengine macho huwa mekundu na mkojo huchoma. Chanzo ni bakteria wa chakula na maji machafu, kama salmonela na shigela, au klamidia inayoambukizwa kwa ngono. Bakteria wa kuhara kwa kawaida hawapatikani wakiwa hai gotini. Ni kinga ya mwili inayoendelea kupigana vita iliyokwisha.

Huko Ulaya wagonjwa wengi wana jeni iitwayo HLA-B27. Waafrika weusi wachache sana wanayo, ndiyo maana zamani ugonjwa huu ulionekana adimu kwetu. Kisha ukaja UKIMWI. Ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, nchini Zambia, madaktari McGill na Njobvu wa Lusaka waligundua kwamba wagonjwa wao wengi wa aina hii walikuwa na VVU, na B27 hawakuwa nayo. Mwaka 2005 watafiti walitaja jeni nyingine kwa wagonjwa wa Zambia, B*5703. Ajabu yake ni kwamba jeni hiyohiyo inajulikana kwa kupunguza kasi ya VVU mwilini.

Kwa familia maana yake ni hii: goti la namna hiyo lisiishie kwenye kuchua na mafuta. Kipimo cha VVU kifanyike, bila kumnyooshea mtu kidole, maana kuhara peke yake kunatosha kuleta uvimbe huu.

Na antibayotiki je? Mwaka 2010 huko Marekani, Carter na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 42 waliosumbuliwa muda mrefu kutokana na klamidia. Waliopewa antibayotiki mbili kwa pamoja kwa miezi 6, 17 kati ya 27 walipata nafuu. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, 3 kati ya 15. Jaribio ni dogo. Kwa uvimbe uliotokana na kuhara, antibayotiki hazijaonyesha faida, hivyo kununua kapsuli dukani ni kupoteza hela. Dawa za kutuliza maumivu ndizo huanza, na mwenye vidonda vya tumbo amwambie daktari kwanza. Wengi hupona ndani ya mwaka.

Lakini goti la moto, lenye homa, lisilokanyagika, lifikishwe hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni usaha, na daktari atavuta maji ya goti ayapime. Mtoto ambaye maumivu yanahama kutoka kiungo hadi kiungo baada ya kuumwa koo naye asicheleweshwe: hiyo yaweza kuwa homa ya baridi yabisi, nayo huharibu moyo.