Kompyuta ya Steshenari Inagoma? Kagua Memori ya Akiba Kabla Hujatoa Hela ya Mashine Mpya

Leo naongea na wenye steshenari, wapiga picha za pasipoti na wale wanaowajazia watu fomu mtandaoni. Mimi niko hapa Mgololo, Mufindi, kwenye kiwanda cha karatasi. Wateja wetu wengi ni wafanyakazi na vijana wanaoomba kazi kwenye Ajira Portal au mkopo wa HESLB, na mnawajua: wanakuja siku ya mwisho. Mashine ikiganda siku hiyo, mteja anahamia duka la pili na harudi tena.

Tatizo lenyewe liko hivi. Umefungua brauza, Word na programu ya picha, mara skrini inaleta ujumbe kwamba memori imepungua, hifadhi kazi yako na ufunge programu. Ukiuliza, kuna watakaokwambia hapo hapo: nunua nyingine. Subiri kwanza.

Chukua mfano wa duka. RAM ni kaunta: ndogo, lakini kila kitu kiko karibu na mkono. Diski ni stoo ya nyuma. Kaunta ikijaa, Windows inapeleka stoo vitu ambavyo huvitumii kwa dakika hiyo, na ukivihitaji inavirudisha. Sehemu hiyo ya stoo kwenye skrini inaitwa "Virtual memory". Mimi naiita memori ya akiba. Wazo hili ni la zamani, lilikuwepo kwenye kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962. Sasa kama stoo imejaa, au kuna mtu ameifunga, mzigo hauna pa kwenda. Ndiyo maana mashine inalalamika.

Kuna dada jirani yangu alishaambiwa mashine yake imezeeka, akawa anataka kuvunja akiba yake ya kikoba anunue nyingine. Tulikaa nayo tukaikagua. RAM ilikuwa GB 4, memori ya akiba mtu alikuwa ameiweka MB 512 tu ili kubana nafasi, na diski C imebaki na nafasi kidogo sana. Hakuna kilichoharibika pale. Ilikuwa mipangilio tu.

Fanya hivi:

1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda "Performance", halafu "Memory". Angalia palipoandikwa "Committed". Kwa yule dada ilisoma 4.2/4.4 GB. Namba ya kwanza ni mzigo ulioombwa, ya pili ni jumla ya kaunta na stoo. Zikikaribiana, umempata mchawi.

2. Safisha diski C. Hamishia D au diski ya nje picha za wateja na fomu zilizoskaniwa, futa vya kwenye "Downloads" usivyovihitaji, na mwaga "Recycle Bin". Acha angalau GB 10 wazi.

3. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, piga Enter. Ingia "Advanced", kwenye "Performance" bonyeza "Settings", ingia tena "Advanced", halafu "Change".

4. Weka tiki kwenye sentensi ya juu kabisa inayoanza na "Automatically manage". Windows itapanga ukubwa yenyewe. Kama C ni ndogo na D ina nafasi, toa tiki, chagua D, weka "System managed size", kisha bonyeza "Set". Wengi wanasahau hiyo "Set", na bila hiyo hakuna kilichobadilika.

5. Bonyeza OK mpaka vidirisha vyote vifungike, halafu chagua "Restart". Kuzima na kuwasha kawaida wakati mwingine hakutoshi.

Ukikutana na faili linaitwa pagefile.sys, usihangaike kulifuta. Hiyo ndiyo stoo yenyewe. Na usiiweke stoo kwenye flashi.

Sasa niwe mkweli. Memori ya akiba inaondoa ule ujumbe na programu kujifunga ghafla. Haiongezi kasi, maana stoo iko mbali kuliko kaunta. Kama baada ya hapo mashine inafanya kazi ila inajivuta, na "Disk" inasoma asilimia 100 muda mrefu, hapo ndipo utoe hela: ongeza RAM au weka diski ya SSD. Hata hiyo kwa kawaida ni nafuu kuliko mashine nzima.

Kabla hujatuma hela ya RAM Mafinga au Dar, hakikisha mambo mawili. Ni DDR3 au DDR4? Haziingiliani, na ya laptopu haikai kwenye desktopu. Pili, Windows yako ni biti 32 au 64? Ya biti 32 haivuki GB 4, kwa hiyo ukiongeza utakuwa umetupa hela.

Yule dada hela yake ya kikoba bado ipo, na anaendelea na kazi kwa mashine ile ile. Anafunga tu kurasa za brauza asizozitumia.

Umekwama hatua ipi? Andika hapo chini ukubwa wa RAM yako na hizo namba mbili za "Committed", tusaidiane.